Nilichukua injini ya 1JZ kwa baba mkwe Mikumi: kasoro niliziona zote, nikasema ni nzuri

Wakuu, habari za mihangaiko. Nawasalimu wote, mliolala salama na wale ambao gari limewalalia uani mwezi wa tatu sasa.

Nimeusoma ule uzi wa kijana anayeuliza achagueje injini ya mtumba yenye nguvu aiweke kwenye Mark II yake. Nimesoma na majibu yenu. Aisee, humu kila mtu injinia! Pima kompresheni, chungulia oili, shika turbo uone kama inacheza. Yote kweli. Ila mimi hayo niliyajua kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na bado nilibeba uozo nikaupeleka nyumbani.

Kwa hiyo nawaletea yaliyonikuta mimi mwenyewe, siyo rafiki yangu, siyo jirani. Sina sababu ya kuwadanganya, maana kwenye habari hii mjinga ni mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini kuelekea mwisho. Biashara imeshafunguliwa, mitumba ya Japani inamiminika. Mtu ambaye juzi alikuwa anaomba lifti kwenye lori la miwa kule Kidodi, leo unamkuta na gari lenye kiyoyozi na redio ya kaseti.

Upande wa pili mashirika yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Kaka yangu alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Kiinua mgongo chake chote akakitia kwenye Mark II, GX81 nyeupe, akaanza teksi pale stesheni ya Kilosa.

Hakuifaidi. Mwaka haujaisha akaugua, akafariki, akamwacha mkewe Mama Rehema na watoto watatu.

Baada ya arobaini wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema gari lisiuzwe. Mimi mdogo wa marehemu, na ni fundi, nina gereji yangu pale Magomeni ya Kilosa, ndiye niliendeshe na kulitunza. Kinachopatikana kiwalishe watoto kwanza, mimi nichukue cha jasho langu.

Mama Rehema akaulizwa kama ameridhika. Akasema mbele ya wote:

"Shemeji, mimi gari silijui. Nakujua wewe."

Nikapokea funguo.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa Tabora na Dodoma wanaokwenda Iringa na Mbeya walikuwa wanashuka treni Kilosa, halafu wanatafuta usafiri mpaka Mikumi ili wadake mabasi yanayotoka Dar. Treni ikichelewa, na ilikuwa inachelewa hasa, abiria anashuka roho juu. Anachouliza ni kimoja tu, nani atamfikisha Mikumi kabla basi halijapita.

Sasa ile injini ya asili, 1G ya silinda sita, ikaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili. Ningeifungua, nikabadilisha ringi na beringi, ikarudi kazini. Fundi mwenye akili timamu angefanya hivyo.

Mimi nikataka 1JZ. Ile ya turbo mbili, lita mbili na nusu.

Najua kuna atakayesema barabara ya Kilosa Mikumi ni vumbi na mashimo, turbo ya nini. Mkuu, uko sahihi. Nilijiambia ni kwa ajili ya kuwahi mabasi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka madereva wenzangu stesheni wanyamaze nikiwasha. Injini yenyewe inaingia bila vita, maana kiwandani bodi hiyohiyo ilitoka pia na 1JZ, ukipata maungio yake na waya zake kamili umemaliza.

Nikaanza kutafuta. Pale Mikumi, karibu na mabasi yanaposimama, kulikuwa na jamaa mmoja mgeni kutoka Iringa. Alikuwa na kipande cha mbele cha gari lililokatwa Japani, injini imo ndani yake, na gia boksi, waya, kompyuta, vyote vimo.

Injini chafu hiyo, acha kabisa. Vumbi limegandamana na oili mpaka huoni rangi ya bloku.

Lakini yule jamaa aliniambia neno la kiungwana. "Fundi, leo sikuwashii. Njoo kesho asubuhi, ushike bloku mwenyewe uone ni ya baridi, ndiyo uwashe."

Nikaenda. Nikashika, ya baridi. Nikafungua plagi zote sita, rangi moja, kahawia ya chai ya maziwa. Nikapima kompresheni, silinda zote zimekaribiana. Maji ya rejeta bado ya kijani. Bolti za silinda hedi zina alama za rangi ya kiwandani, hakuna spana iliyowahi kupita pale. Nikawasha, stata ikazunguka kidogo tu, ikashika, ikatulia.

Wakuu, ile ndiyo ilikuwa injini yangu. Nikamwambia jamaa nitarudi Jumamosi.

Nikarudi nyumbani Kilosa kwa furaha, nikamsimulia mke wangu, Mwanaidi. Naye bila nia mbaya yoyote akapeleka salamu kwa baba yake Mikumi, na ndani ya salamu akataja kwamba mumewe anahangaikia injini.

Baba mkwe wangu, Mzee Salumu, alikuwa na kibanda cha spea palepale Mikumi. Ijumaa nikapata ujumbe wake. Injini ya namna hiyo ipo kwake, nisihangaike na watu nisiowajua.

Hapa naomba vijana wa mjini mnielewe. Nyie baba mkwe mnamwita "mzee" na mnaangalia naye mpira. Sisi kwetu mkwe ni mtu unayemwamkia umeinama, unakaa pale anapokuonyesha, na sauti yako haipandi juu ya yake. Tangu siku ya posa nilikuwa sijawahi kubishana na yule mzee hata juu ya hali ya hewa. Jambo zito likiwepo, tulikuwa tunampitishia mshenga.

Jumamosi nikaenda, begani nimebeba mfuko wangu wa turubai wenye spana, tochi na kipimo cha kompresheni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto wa marehemu hawajambo?"

Nikamjibu, nikaletewa maji ya kunywa, nikanywa. Mama mkwe alipita, wakasemezana na mzee kwa Kividunda, akacheka, akaingia jikoni kunipikia. Ndipo mzee akanipeleka nyuma ya kibanda.

Injini iko juu ya matairi mawili, imeunganishwa betri, imeoshwa mpaka inang'aa. Kifuniko cha juu kimepulizwa rangi ya fedha.

Nikaweka mkono kwenye bloku. Ya moto.

Siyo moto wa jua, ilikuwa kivulini. Moto wa kuwashwa. Mzee akaniona nimeshika, akasema, "Iliwashwa asubuhi hii, usipate tabu ya kungoja."

Kila fundi anajua injini mbovu ikishapashwa moto inaficha nusu ya magonjwa yake.

Nikainama na tochi. Pembeni ya silinda hedi nikaona ukingo wa silikoni nyekundu, mbichi kabisa. Bolti za hedi vichwa vyake vinang'aa, zimekwanguliwa na spana juzi tu. Nikafungua kifuniko cha maji, kidole kikatoka na utando wa kahawia wenye mafuta. Mambo matatu hayo, na moja tu lilinitosha kumwambia mteja wangu yeyote akimbie.

Kipimo kilikuwa begani. Sikukitoa.

Ningekitoaje? Nimpime baba mkwe mbele ya kibanda chake? Nimwambie naomba nije kesho kabla haijawashwa, kana kwamba nasema iliwashwa ili nidanganywe? Na wali wa mkewe unanukia pale jikoni? Nikajishauri mwenyewe palepale, nikasema labda waliifungua kubadilisha gasketi tu. Labda rangi ni usafi. Fundi mzima nikawa natafuta sababu ambazo hata mteja wa kijijini asingezikubali.

Mzee akawasha. Ikalia vizuri, injini ya moto inalia vizuri. Akaizima, akanigeukia.

"Unaionaje?"

Nikaangalia chini. "Ni nzuri, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Kama wewe umesema."

Nikala wali, nikashukuru, tukamalizana, Jumatatu ikapakiwa kwenye lori kwenda Kilosa. Kwa yule jamaa wa Iringa sikupita hata kumuaga. Nilizunguka njia ya nyuma.

Nikaifunga wiki nzima. Kazi ya mikono yangu siwezi kuilaumu, waya zilikaa, propela shafti ilikaa, hakuna lililovuja. Siku ya kuiwasha madereva wa stesheni walikuja Magomeni kuitazama. Turbo zilipoanza kupiga mluzi mmoja akashika kichwa. Nilijisikia mtu, sitaki kusema uongo.

Majuma mawili nikawa mfalme wa barabara ile. Abiria walikuwa wananichagua. Wenzangu nilikuwa nawapita kabla hawajafika Ulaya. Kwa wasiojua, Ulaya ni kijiji chetu kilichopo kati ya Kilosa na Mikumi, siyo kwa wazungu. Mama Rehema akawanunulia watoto sare mpya, na Rehema, mkubwa wao, alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, tukaanza kumwandalia godoro na sanduku.

Lakini kila asubuhi maji ya rejeta yalikuwa yamepungua. Nilikuwa naongeza kimyakimya kabla hajatokea mtu. Kila asubuhi bomba linatoa moshi mweupe wenye harufu tamutamu, nami najiambia ni umande. Ningeweza kusimamisha gari, nikaifungua, nikaokoa bloku. Ila nikiifungua nitakuta nini? Na nikikikuta, nitamwambia nini Mwanaidi juu ya baba yake? Nikaendelea kujaza maji.

Siku yenyewe ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, nimepakia watu watano na mizigo, treni imechelewa, wote wanapiga kelele niwahishe. Nimeshapita Ulaya, nikakanyaga mafuta kwenye kilima.

Mshale wa joto ukaruka. Kabla sijatoa mguu nikasikia ngo, ngo, ngo, halafu mlio mmoja mkubwa, na oili ikamwagika barabarani. Mkono wa pistoni ulikuwa umetoka nje ya bloku. Nilikiona kile chuma kwa macho yangu, kimechungulia.

Abiria walinitukana wakapanda lori la mkaa. Nilikaa chini pembeni ya gari la marehemu kaka yangu nikalia, mtu mzima, mchana kweupe.

Tulilivuta mpaka Magomeni. Nilipofungua hedi nikakuta ina ufa uliochomelewa, na silikoni imejazwa juu yake. Ilishawahi kuchemka hiyo mpaka ikapinda, mtu akaiziba na kuipaka rangi. Sikushangaa. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote, kwamba sikushangaa.

Ile 1G ya zamani nilikuwa nimeshaiuza kwa vipuri ili nikamilishe swap, yaani kule kubadilisha injini. Uwezo wa injini nyingine haukuwepo. Gari likakaa juu ya mawe.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Mama Rehema alikuja gereji na kanga yake kichwani, akauliza, "Shemeji, imekuwaje?"

Nikamwambia, "Nimetapeliwa na mkwe wangu."

Akagonga viganja vyake. "Mzee mzima na kanzu yake! Yatima hawaogopi?"

Nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimeshazoea.

Habari ikazunguka Kilosa yote. Mwanaidi alilia, akasema baba yake hawezi kufanya hivyo. Nikamwambia basi akamuulize. Hakumuuliza, binti atamuuliza vipi baba yake jambo kama lile? Mimi nikaapa sikanyagi tena Mikumi kwa yule mzee, na nikaona nina haki kabisa.

Rehema hakwenda sekondari. Mama yake aliwachukua watoto wakahamia Ruaha, akawa anapalilia miwa kwenye mashamba ya watu. Nilikwenda kuwatembelea mara moja. Nilimkuta Rehema na jembe, mikono imechanwachanwa na majani ya miwa, akaniamkia kwa adabu zake zote. "Shikamoo baba mdogo." Sikurudi tena, nilishindwa kumtazama.

Miaka ikapita mingi. Mzee Salumu akaugua. Mwanaidi akanipa neno moja, usipokwenda kumwona baba yangu, mimi nikitoka sirudi. Nikaenda.

Nilimkuta amelala barazani, amekonda. Tuliachwa wawili baada ya adhuhuri. Akaniambia nisogeze kigoda.

"Mwanangu, ile injini ilikusumbua?"

"Ilivunjika, baba."

"Nilisikia. Nilisikia na mengine." Akapumzika. "Mimi nilikuwa nauza spea za malori. Injini za namna ile sikuzijua. Kuna mfanyabiashara alikuja nayo, nikamwambia iache hapa, mkwe wangu ni fundi, ataikagua. Akiikataa, utauchukua mzigo wako. Asubuhi ile akaleta mtu wake akaiwasha. Mimi nikawa nakungoja wewe tu."

Nilikuwa natazama mkeka.

"Nilikuuliza unaionaje. Uliposema nzuri, nikamwambia yule mtu basi, biashara imekwisha." Akanigeukia, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo. "Kwani siku ile hukuona kitu?"

Wakuu, hapo ndipo ningeweza kuwa mwanamume. Mtu anakufa, ananiuliza swali moja.

Nikasema, "Sikuona, baba."

Akashusha pumzi. Akanishika mkono, akatabasamu. "Basi tuliingizwa mjini wote wawili. Nilikuwa naogopa labda uliona ukanistahi."

Hakumaliza mwezi. Nilishika jeneza lake pamoja na wanawe, watu wananipa pole.

Sasa kijana uliyeuliza. Vipimo umeshapewa na wenzangu, vifuate. Mimi naongeza langu. Mke wangu nilimposa kwa mshenga, lakini injini kwa baba yake nikaenda peke yangu. Kama anayekuuzia ni mtu unayempa shikamoo, tafuta fundi asiye ndugu yenu, mpe kipimo mkononi, wewe kaa barazani unywe maji. Yeye aishike ikiwa ya baridi, yeye aseme. Kama muuzaji hataki kungoja siku nyingine ipoe, huyo fundi ndiye aikatae. Na ukiulizwa unaionaje, sema ulichokiona, kwa adabu zote, lakini kiseme. Huenda huyo anayekuuliza naye hajui, na anakutegemea wewe.

Kuna jambo la mwisho. Mama Rehema yuko hai, yuko Ruaha, na mpaka leo jina la yule mzee likitajwa anatema mate. Sijawahi kumwambia. Juzi nimeambiwa Rehema ana simu nzuri na anasoma humu.

Rehema mwanangu, kama ni wewe unasoma, babu wa Mikumi hakuwatapeli. Aliniuliza, nikamficha. Niliiona ile silikoni kwa macho yangu, kipimo nilikuwa nacho begani, na shule yako nikaitoa kwa kuona aibu. Mwambie mama yako. Mimi nimejaribu mara tatu kuja Ruaha kumwambia na mara zote nimeshukia Kidodi nikageuza.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye swali la 1JZ aulize, nitamjibu. Mwenye tusi pia alete, yote ni yangu, mzee wa watu mwacheni apumzike.